Wanawake katika bodi za makampuni: Norway imeifunza nini dunia?

Mwaka 2003 Norway ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupitisha sheria inayoyalazimisha makampuni makubwa ya hisa kugawa viti vya bodi baina ya wanaume na wanawake. Wapinzani wa sheria hiyo walitabiri kuanguka kwa makampuni. Watetezi wake waliahidi faida nono. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu wakati huo, na utafiti uliofanywa unaonyesha kwamba pande zote mbili zilitia chumvi.

Mwezi wa Februari mwaka 2002 gazeti la VG, mojawapo ya magazeti yanayosomwa sana nchini Norway, lilichapisha mahojiano na Waziri wa Biashara na Viwanda, Ansgar Gabrielsen. Waziri huyo alitamka kwamba amechoshwa na kilabu cha wanaume kinachoongoza uchumi wa nchi, na kwamba makampuni yasiyotaka kubadilika yatalazimishwa na sheria. Tamko hilo liliwashtua hata mawaziri wenzake katika serikali ya Waziri Mkuu Kjell Magne Bondevik, kwani hawakuwa wameshauriwa kabla.

Lililowashangaza wengi zaidi ni mtu aliyelitoa. Gabrielsen hakuwa mwanaharakati wa haki za wanawake. Alikuwa mwanasiasa wa chama cha kihafidhina, chama ambacho kwa desturi kinapinga serikali kuingilia mambo ya wafanyabiashara. Wazo la kuweka mgao wa lazima lilikuwa limekwisha kujadiliwa nchini humo tangu mwaka 1999. Hoja ya waziri ilikuwa ya kiuchumi: nchi inawasomesha wasichana kwa fedha nyingi hadi chuo kikuu, kisha inawaacha mlangoni pale maamuzi makubwa ya biashara yanapofanywa.

Kitendawili cha Norway

Hali ya Norway wakati huo ilikuwa kama kitendawili. Katika siasa, wanawake walikuwa wamepiga hatua kubwa. Gro Harlem Brundtland alishika wadhifa wa waziri mkuu kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na serikali aliyoiunda mwaka 1986 ilikuwa na wanawake wanane kati ya mawaziri 18. Katika vyuo vikuu, wanafunzi wa kike walikwishawazidi wa kiume. Lakini katika bodi za makampuni ya hisa yaliyo wazi kwa umma, mwaka 2002 wanawake walikuwa takriban asilimia sita tu ya wajumbe.

Ili kuelewa sababu ya tofauti hiyo, ni lazima kwanza kufahamu bodi ni nini na wajumbe wake wanapatikanaje. Bodi ya wakurugenzi haiendeshi kampuni siku hadi siku. Kazi yake ni kumwajiri mkurugenzi mtendaji, kumsimamia na kumwachisha kazi ikibidi. Kuidhinisha mipango mikubwa, kama vile kununua kampuni nyingine au kufunga kiwanda. Na kuhakikisha kwamba mahesabu yanayotolewa kwa wenye hisa ni ya kweli. Wajumbe huchaguliwa na mkutano mkuu wa wanahisa, lakini mara nyingi wanahisa hupigia kura majina yaliyokwisha kuandaliwa na kamati ya uteuzi.

Hapo ndipo mlango ulipofungika. Kamati hizo zilitafuta watu wenye uzoefu wa kuongoza makampuni makubwa, na watu hao walikuwa karibu wote wanaume. Aidha, zilitafuta miongoni mwa watu zinaowafahamu. Mwanamke hakupata kiti kwa sababu hakuwa na uzoefu, na hakupata uzoefu kwa sababu hakupewa kiti. Haikuhitajika njama ya mtu yeyote wala chuki ya wazi. Utaratibu wenyewe ulitosha kujizalisha upya kila mwaka.

Sheria na makali yake

Bunge la Norway, linaloitwa Storting, lilipitisha sheria hiyo mwishoni mwa mwaka 2003. Maandishi yake hayataji wanawake peke yao, bali jinsia zote mbili. Katika bodi yenye wajumbe tisa au zaidi, kila jinsia ni lazima iwe na angalau asilimia 40 ya viti. Bodi ya watu sita hadi wanane iwe na angalau watatu wa kila jinsia; ya watu wanne au watano iwe na angalau wawili; na ndogo kuliko hiyo iwe na wote, wanaume na wanawake. Kwa hiyo, bodi iliyojaa wanawake watupu ingevunja sheria sawasawa na ile iliyojaa wanaume watupu.

Utaratibu huu unatofautiana na ule unaofahamika na wasikilizaji wengi wa Tanzania, wa viti maalumu vya wanawake bungeni. Viti maalumu ni viti vinavyoongezwa juu ya vile vya majimbo, na wabunge wa majimbo hawaondolewi ili kuwapisha wengine. Norway haikuongeza kiti. Viti vilikuwa vilevile, na katika makampuni mengi kila mwanamke aliyeingia alichukua nafasi ambayo ingekuwa ya mwanamume. Ndiyo maana ubishi ulikuwa mkali.

Makampuni ya serikali yalitakiwa kutii kuanzia Januari 2004. Makampuni binafsi ya hisa yalipewa nafasi ya kujirekebisha kwa hiari: iwapo yangefikia lengo hadi Julai 2005, kifungu cha kulazimisha kisingetumika. Hayakulifikia. Kwa hiyo, Januari 2006 sheria ikawa ya lazima, na makampuni yaliyokuwapo yakapewa miaka miwili ya mwisho. Adhabu haikuwa faini. Kampuni ambayo bodi yake haikutimiza masharti ingeweza kuvunjwa kwa amri ya mahakama, adhabu ileile ambayo sheria za Norway zinaitoa kwa kampuni isiyo na bodi halali.

Adhabu hiyo ilifanya kazi bila ya kutumiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008 makampuni kadhaa yalikuwa bado hayajatimiza masharti, yakatumiwa barua za onyo, na katika muda wa miezi michache yote yakatii. Hakuna kampuni hata moja iliyovunjwa. Katika muda wa miaka sita, sehemu ya wanawake katika bodi hizo ilipanda kutoka takriban asilimia sita hadi 40.

Wapinzani walisema nini

Shirikisho la waajiri wa Norway, NHO, lilipinga sheria hiyo. Hoja ya kwanza ilikuwa ya haki ya umiliki: mwenye mali ndiye anayepaswa kumchagua wa kuisimamia. Hoja ya pili ilikuwa ya uwezo: wanawake wenye ujuzi wa kutosha hawapo, na watakaoteuliwa watakuwa mapambo tu mezani. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ndivyo wapinzani walivyofikiri, kwamba mwanamke anayefaa atapata kiti bila ya kusukumwa na sheria. Hata hivyo, shirikisho hilohilo mwaka 2003 lilianzisha mpango wa mafunzo uitwao Female Future, wa kuwatafuta wanawake wenye vipaji ndani ya makampuni na kuwaandaa kwa kazi za bodi. Waajiri walipinga sheria kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakajiandaa nayo.

Hofu ya uhaba wa wanawake wenye uwezo haikuthibitika. Wanauchumi Marianne Bertrand, Sandra Black, Sissel Jensen na Adriana Lleras-Muney walichunguza kumbukumbu za elimu na mapato za wajumbe hao, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019. Waligundua kwamba wanawake walioingia baada ya sheria walikuwa na sifa bora kuliko wale wachache waliokuwamo kabla yake, na kwamba tofauti ya malipo baina ya wajumbe wanaume na wanawake ilipungua. Kwa maneno mengine, wenye uwezo walikuwapo tangu zamani, hawakuwa wametafutwa.

Ni kweli pia kwamba baadhi ya wanawake waliteuliwa katika bodi nyingi kwa wakati mmoja. Wanorwe wakawapa jina la kejeli, sketi za dhahabu. Wakosoaji walisema kwamba kilabu cha wanaume kimepata jirani, yaani kilabu kidogo cha wanawake walewale.

Je, makampuni yalipata faida au hasara?

Hili ndilo swali lililobishaniwa kuliko yote. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Ahern na Amy Dittmar, walichapisha utafiti uliovuma dunia nzima. Walisema kwamba tangazo la waziri la Februari 2002 liliteremsha bei za hisa za makampuni ambayo hayakuwa na mwanamke kwenye bodi, kwa asilimia 3.5 ikilinganishwa na yale yaliyokuwa naye. Walisema pia kwamba katika miaka iliyofuata thamani ya makampuni yaliyolazimika kubadilika sana ilishuka, na wakataja sababu: wajumbe wapya walikuwa na umri mdogo na uzoefu mchache wa uongozi wa juu. Watafiti hao walionyesha vilevile kwamba idadi ya makampuni ya hisa ya aina hiyo ilipungua sana, baadhi yakijigeuza kuwa makampuni ya aina nyingine ambayo sheria haikuyagusa.

Wapinzani wa mgao katika nchi nyingi waliushika utafiti huo kama ushahidi wa mwisho. Lakini mwaka 2022 watafiti wengine watatu, Espen Eckbo, Knut Nygaard na Karin Thorburn, walichapisha uchunguzi mpya wa takwimu za Norway. Walieleza kwamba bei za hisa hupanda na kushuka pamoja kwa sababu nyingi, kama vile habari za masoko ya nje, na kwamba mtafiti asipolizingatia jambo hilo anaweza kuidhania bahati kuwa ni athari ya sheria. Walipopiga hesabu upya, hawakuona athari ya maana kwa thamani ya makampuni, si ya hasara wala ya faida. Kuhusu makampuni kubadili aina, walisema hawakukuta ushahidi kwamba sheria ya mgao ndiyo iliyoyafukuza.

Utafiti mwingine, wa David Matsa na Amalia Miller uliotolewa mwaka 2013, uliyalinganisha makampuni ya Norway na yale ya nchi jirani. Ulionyesha kwamba makampuni yaliyoguswa na sheria yalipunguza wafanyakazi kwa kiasi kidogo kuliko mengine. Gharama za mishahara zikaongezeka na faida ya muda mfupi ikashuka. Je, hilo ni kosa au ni busara? Mwenye hisa anayetaka gawio la mwaka huu atasema ni kosa. Mfanyakazi aliyebaki na kazi yake, na mwenye hisa anayetazama miaka kumi mbele, huenda wakasema vingine. Namba haziwezi kuamua ubishi huo peke yake, kwa sababu ni ubishi kuhusu kampuni ipo kwa ajili ya nani.

Kuku na yai

Kwa upande mwingine, watetezi wa wanawake walijenga sehemu kubwa ya hoja yao juu ya faida. Tangu mwaka 2007 ripoti za mashirika ya ushauri wa biashara, ikiwa ni pamoja na kampuni ya McKinsey, zimeeleza kwamba makampuni yenye wanawake wengi katika uongozi hupata faida kubwa zaidi. Wanasiasa wengi walizinukuu ripoti hizo kana kwamba zimethibitisha kuwa wanawake ndio walioleta faida.

Tatizo ni kwamba mambo mawili kwenda pamoja si uthibitisho kwamba moja limelizaa jingine. Inawezekana kampuni iliyofanikiwa, yenye nafasi na inayotazamwa na umma, ndiyo inayokuwa tayari kuwateua wanawake. Hapo faida imetangulia, na wanawake wamefuata. Mwaka 2015 Corinne Post na Kris Byron walikusanya tafiti 140 kutoka nchi mbalimbali na kuzipima kwa pamoja. Walikuta kwamba uhusiano baina ya wanawake wa bodi na faida ya kimahesabu ni mzuri lakini mdogo sana, na uhusiano na bei za soko la hisa unakaribia sifuri.

Mahali ambapo tofauti imeonekana zaidi ni katika kazi yenyewe ya bodi. Renée Adams na Daniel Ferreira, katika utafiti wao wa mwaka 2009 kuhusu makampuni ya Marekani, walikuta kwamba wanawake huhudhuria mikutano zaidi kuliko wanaume, na kwamba katika bodi zenye wanawake wengi hata mahudhurio ya wanaume huwa bora. Bodi hizo pia zilikuwa kali zaidi kwa wakurugenzi watendaji ambao hisa za makampuni yao zilifanya vibaya. Lakini watafiti hao walitahadharisha: ukali wa usimamizi ni dawa kwa kampuni iliyolegea, na kwa kampuni ambayo tayari inasimamiwa vizuri huweza kuwa mzigo. Ndiyo sababu hakuna jibu moja linaloyafaa makampuni yote.

Kiti cha juu na ngazi za chini

Matumaini makubwa ya sheria ya Norway yalikuwa kwamba wanawake wakifika juu watawavuta walio chini. Hapa matokeo yalivunja moyo. Bertrand na wenzake hawakuona dalili ya wazi kwamba wanawake wengine ndani ya makampuni hayo walipata mishahara mizuri zaidi au vyeo vya juu zaidi kwa sababu ya mabadiliko katika bodi. Wakurugenzi watendaji wanawake waliendelea kuwa wachache katika makampuni makubwa ya Norway kwa miaka mingi baada ya mwaka 2008.

Sababu moja ni kwamba mjumbe wa bodi hukutana na kampuni mara chache kwa mwaka. Hapangi zamu, hapandishi vyeo vya idara, wala hamwamui mama aliyetoka likizo ya uzazi na msimamizi wake. Vyeo vya juu vya utendaji huandaliwa kwa miaka 20, katika nafasi za chini na za kati, na huko sheria ya bodi haifiki.

Nchi nyingine zafuata, kila moja kwa njia yake

Licha ya ubishi huo, mfano wa Norway ulienea. Uhispania ilipitisha sheria mwaka 2007 ikiweka lengo la asilimia 40 hadi mwaka 2015, lakini bila ya adhabu, na mwaka huo ukafika lengo likiwa mbali. Ufaransa ilipitisha sheria yake mwaka 2011, ikitaka asilimia 40 ifikapo 2017, na sheria hiyo ina meno. Ujerumani iliamua mwaka 2015 kwamba katika bodi za usimamizi za makampuni makubwa yapatayo mia moja, kila jinsia iwe na angalau asilimia 30. Uteuzi unaokwenda kinyume ni batili, na kiti hubaki kitupu. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya, baada ya mvutano wa miaka kumi, ulipitisha agizo lake na kuweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa siku ya mwisho ya makampuni makubwa yaliyo katika masoko ya hisa kufikia lengo.

Uingereza ilikataa sheria. Ripoti ya Lord Davies ya mwaka 2011 ilikuta wanawake wakiwa asilimia 12.5 katika bodi za makampuni 100 makubwa ya soko la London, ikapendekeza lengo la hiari la asilimia 25 hadi mwaka 2015. Lengo hilo lilipitwa, na kufikia mwaka 2023 wanawake walikuwa wamevuka asilimia 40. Hata hivyo, njia hiyo ya hiari haikuwa hiari tupu: majina ya makampuni yaliyobaki nyuma yalitangazwa kila mwaka, na serikali ilionya kwamba sheria inaweza kuja. Nchini Marekani, sheria ya jimbo la California ya mwaka 2018 ilibatilishwa na mahakama mwaka 2022. Katika Ghuba, Umoja wa Falme za Kiarabu uliagiza mwaka 2021 kwamba kila kampuni iliyo katika masoko yake ya hisa iwe na angalau mwanamke mmoja katika bodi.

Afrika Mashariki pia ina funzo lake kuhusu adhabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Kwa vile bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza sharti hilo, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais mwezi Septemba 2020 alivunje. Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, na bunge likaendelea hadi mwisho wa muhula wake mwaka 2022. Adhabu ya kuvunjwa ilikuwa ileile ya Norway. Kilichotofautiana ni kwamba makampuni ya Norway yaliamini kwamba itatekelezwa.

Swali lililobaki

Norway yenyewe haikurudi nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kuyaingiza makampuni binafsi makubwa na ya kati katika mgao huo, hatua kwa hatua, kuanzia mwisho wa mwaka 2024 hadi 2028. Njia ya kukwepa kwa kubadili aina ya kampuni inazibwa.

Wachambuzi wengi sasa wanaona kwamba hoja ya faida ilikuwa msingi dhaifu tangu mwanzo. Mtu anayesema wanawake waingie kwenye bodi kwa sababu wataleta faida, anawaweka katika mtihani usiokwisha: ukija mwaka mmoja wa hasara, hoja ya kuwaondoa iko tayari. Wanaume waliojaza asilimia 94 ya viti mwaka 2002 hawakuwahi kutakiwa kuthibitisha kwamba jinsia yao inaongeza thamani ya hisa.

Kilichothibitika ni kidogo kuliko kilichoahidiwa, lakini ni cha uhakika. Sheria yenye adhabu inaweza kubadilisha bodi katika muda wa miaka michache. Wanawake wenye uwezo wapo wakitafutwa. Na makampuni hayaangamii kwa kuwakaribisha. Wakati huohuo, kiti cha bodi hakitoshi kumsaidia mfanyakazi wa kike aliye ngazi za chini, ambaye anahitaji sheria na desturi nyingine. Lakini kiwanda kinapofungwa au kinapobakizwa wazi, uamuzi hutolewa katika chumba kile, na Waswahili walikwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo.